Ufuo Usio na Barabara: Boti au Miguu?

Ukisimama Pedi, kijiji kilicho chini ya mji wa Symi katika visiwa vya Ugiriki vinavyotazamana na Uturuki, ufuo wa Agios Nikolaos huuoni. Umejificha nyuma ya ncha ya mlima, mkono wa kulia wa ghuba. Barabara inakomea hapo Pedi. Anayetaka kuendelea apande boti ndogo na dakika chache baadaye awe ameshuka, au ashike njia ya mawe iliyochongwa na kwato za mbuzi na nyayo za watu, atembee kama nusu saa, bahari mkono mmoja na mlima mtupu mkono wa pili. Wote wanafika palepale: ghuba ndogo yenye maji maangavu, miti michache ya kivuli, na mkahawa.

Swali la boti au miguu huonekana dogo, jambo la mtu na likizo yake. Kwangu ni kubwa, kwa kuwa ndani yake mna swali jingine: nani ashike ufunguo wa mahali kama hapo? Mwaka 2024 Ugiriki, nchi ya watu milioni 10 na ushei, ilipokea wageni zaidi ya milioni 40, ukihesabu na abiria wa meli za kitalii. Wengi wao walifuata bahari, na kila mmoja angependa apate ufuo ambao wenzake hawajaufikia. Fuo za namna hiyo zimebaki chache, na kilichozibakisha ni ugumu wa kufika. Ukiubadilisha ugumu huo, hata kidogo, umeubadilisha ufuo wenyewe.

Nianze na watu wa miguu, kwa sababu hoja yao ndiyo iliyonishika kwanza. Wanasema njia ngumu ni mlango mwembamba. Ufuo unaofikiwa kwa jasho haujai, maana umati hauji. Anayetembea hubeba kinachobebeka mgongoni: maji, taulo, kipande cha mkate na jibini. Habebi spika wala sanduku la barafu. Hatupi nanga, hamwagi mafuta. Na jioni anarudi na takataka zake mwenyewe, walau tunatumaini hivyo.

Kisha kuna lile wanalolisema kwa hisia zaidi, kwamba kutembea ndiko kunakomfundisha mtu mahali alipo. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua uko pwani ya kusini ya Krete, kisiwa kingine cha Ugiriki, katika eneo la Sfakia. Hapo Milima Myeupe, yenye vilele vinavyozidi mita 2,400, inashuka hadi baharini karibu wima. Theluji ya juu ikiyeyuka, maji yake hupenya ndani ya miamba ya chokaa na kutokea chini kabisa, katikati ya kokoto za ufuoni, hatua chache kutoka kwenye mawimbi. Ukichimba kwa mikono unapata maji ya kunywa. Ndiyo maana Wagiriki wakauita Glyka Nera, yaani Maji Matamu. Sisi Waswahili maji yasiyo ya chumvi tunayaita matamu na pia tunayaita baridi, na pale majina yote mawili yanakubali, kwa kuwa chemchemi zile huipoza hata bahari inayozunguka miguu yako. Aliyeshushwa na boti ataoga na kufurahi. Lakini aliyekuja kwa miguu kutoka Chora Sfakion, kwa njia iliyochongwa kwenye ubavu wa jabali, amepita karibu saa nzima katika ukavu usio na tone la maji. Huyo, akiinama na kuchota maji kwenye kokoto, anaelewa amefikia nini.

Hapo niongeze jambo ambalo msomaji wa pwani yetu atalitaka. Mtu wa Pemba au Lamu akiambiwa atembee ufuoni huuliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Bahari ya Kati, yaani Mediterania, haina kupwa na kujaa kwa kiasi tulichozoea. Maji hupanda na kushuka kidogo tu, hata ufuo wa saa tatu asubuhi ndio huohuo wa saa tisa alasiri. Safari za huko haziamriwi na mwezi. Zinaamriwa na jua na upepo, nami nitarudi kwa vyote viwili, kwani ndipo hoja ya miguu inapoanza kuyumba.

Watu wa boti nao wana lao, na wasafiri wengi hulipita upesi mno. Symi si kisiwa kilichogundua boti kwa ajili ya watalii. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa na watu zaidi ya 20,000 walioishi kwa ujenzi wa vyombo na kwa kuzamia sifongo, wakizifuata hadi pwani za Afrika Kaskazini. Vazi la mpira na kofia ya shaba vilipowafikia katika miaka ya 1860, wazamiaji waliweza kushuka ndani zaidi na kukaa muda mrefu zaidi. Hawakujua bado kwamba anayetoka kina kirefu lazima apande taratibu, la sivyo mwili wake hudhurika. Wengi walikufa au kubaki wamepooza viungo. Nyumba nzuri za rangi ya udongo na manjano zinazopigwa picha leo kwenye bandari ya Gialos zilijengwa kwa utajiri wa zama hizo. Baadaye yakaja utawala wa Italia kuanzia 1912, vita viwili, sifongo za viwandani, na watu kuhama. Leo wakazi hawazidi sana 2,500.

Kwa hiyo boti inayokupeleka Agios Nikolaos, Nanou au Marathounda ni kazi iliyobaki kwa watu ambao kazi zao nyingine za baharini zimekwisha. Msimu ni miezi mitano, labda sita. Fedha ya miezi hiyo ndiyo inayolisha nyumba hadi msimu mwingine. Mtalii anayekuja kwa safari ya siku moja kutoka hoteli ya Rhodes, kisiwa jirani, na kutembea kwa miguu, chakula chake mgongoni, anaweza kufika kisiwani, akaona yote na akaondoka pasipo mkazi yeyote kupata kitu. Anaweza kujiita msafiri mwepesi, asiyeharibu. Lakini kwa mwenye boti anayemtazama akipita, wepesi huo una bei.

Tena boti inabeba watu ambao njia ya mawe imewafungia. Bibi mwenye magoti mabovu, mama mwenye mtoto mchanga, mtu anayetembelea gongo, kijana mwenye pumu. Ukisema ufuo uwe wa wenye miguu imara tu kwa sababu hivyo utabaki safi, umeugawa kwa kipimo cha mwili. Kwa sheria ya Ugiriki ufuo ni mali ya umma, na umma haukuumbwa wote kwa kupanda magenge. Hoja hii ilinitoa upande wa miguu mara ya kwanza, na bado sijapata jibu lake linaloridhisha.

Mara ya pili nilitolewa na jua.

Tarehe 5 Juni 2024, Michael Mosley, daktari na mtangazaji wa Uingereza mwenye miaka 67, aliyetumia miaka mingi kuwaeleza watu mambo ya afya, alikuwa Agios Nikolaos na mkewe na marafiki. Walifika kwa boti. Saa saba na nusu mchana aliamua kurudi kwa miguu. Joto siku hiyo lilikaribia nyuzi 40. Kamera zilimwona akipita Pedi na mwavuli wake. Pale angeweza kufuata barabara ya kwenda mjini. Badala yake alishika njia ya mawe ya upande wa pili wa ghuba, inayopanda na kushuka katika mlima usio na kivuli. Alitafutwa siku nne, kwa helikopta, kwa wazamiaji, kwa wenyeji waliojitolea. Tarehe 9 mwili wake ulipatikana karibu kabisa na ufuo wa Agia Marina, mahali penye watu, maji na vinywaji. Alikuwa karibu kufika.

Mwezi huohuo, katika wimbi la joto lililowahi mapema kuliko kawaida, watalii wengine walipotea au walikutwa wamekufa katika visiwa vya Samos, Mathraki na Krete, baadhi yao wakiwa wametoka kutembea tu. Si watu wapumbavu. Ninalisisitiza hili kwa sababu baada ya misiba ile maneno mengi yalisemwa ya kuwalaumu marehemu, na hayakuwa ya haki. Jua la kule hudanganya, na linaweza kutudanganya hata sisi tunaojiona tumezaliwa nalo. Hewa ni kavu. Jasho hukauka kabla hujalihisi, ukadhani hutoki jasho. Hakuna minazi, hakuna muuza madafu njiani, hakuna baraza la kuketi. Mwamba wa chokaa hunyonya joto na kulirudisha usoni. Na tuliozoea mchana wa saa 12, mwaka mzima, hatuna budi kukumbuka kwamba Juni mchana wa huko unazidi saa 14. Mawe hayapati usiku wa kutosha wa kupoa.

Nikiitazama safari ile kwa utulivu, naona hatari yake haikuwa boti wala miguu peke yake. Ilikuwa kwenye kubadilisha. Anayeondoka kwa miguu alfajiri amejiandaa kwa miguu: ana maji ya kutosha, ana viatu, ameipima njia wakati wa kwenda na anaijua wakati wa kurudi. Anayefika kwa boti amejiandaa kwa boti: kandambili au viatu vyepesi, chupa moja ya maji, simu pengine imeachwa. Akiamua mchana kurudi kwa miguu, anaianza njia asiyoijua, saa mbaya kuliko zote, akiwa na maandalizi ya safari nyingine. Ningependa kila gati la kisiwa chenye fuo za namna hii liwe na ubao unaosema hivyo kwa lugha tano: uliyekuja kwa boti, rudi kwa boti. Na namba 112, ambayo hupokelewa Ugiriki nzima.

Je, basi boti imeshinda? Bado. Mabaya yake ni makubwa, ila hayaonekani kwa sababu mengi yako chini ya maji.

Kwenye sakafu ya ghuba nyingi za Bahari ya Kati huota nyasi za bahari zinazoitwa Posidonia oceanica. Si mwani. Ni mmea wenye mizizi na maua, na hauoti popote duniani nje ya bahari ile. Samaki hukulia humo, mchanga hushikwa na mizizi yake, na majani yaliyokufa yakirundikana ufuoni wakati wa baridi huukinga dhidi ya mawimbi. Hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka. Nanga moja ikiburutwa kwa dakika tano hung'oa kilichochukua miaka mingi. Sasa fikiria ghuba nzuri isiyo na barabara, inayopendwa na kila mwenye yoti kwa sababu hiyohiyo, ikipokea nanga ishirini kila siku ya Agosti. Juu maji yanabaki maangavu kama kwenye picha. Chini pananyolewa.

Kisha kuna sili wa Bahari ya Kati, mnyama ambaye idadi yake duniani haifiki 1,000, na sehemu kubwa ya waliobaki wanaishi Ugiriki. Zamani alizaa kwenye fuo wazi. Watu walimfukuza kwa karne nyingi, akaingia mapangoni, kwenye vijifuo vilivyomo ndani ya giza la mwamba, ambako mtu wa miguu hafiki. Boti ndogo inafika. Msafiri anayeomba nahodha aingie pangoni kidogo, apate picha, huenda hajui kwamba mama akishtuliwa anaweza kumwacha mtoto wake. Katika jambo hili siwezi kusema pande zote zina haki. Mapango yaachwe.

Na kuna ukubwa. Neno boti linafunika vitu ambavyo havistahili jina moja. Balos, kaskazini-magharibi ya Krete, ni ghuba yenye maji mafupi ya rangi zisizoaminika na mchanga uliochanganyika na vipande vya makombe vinavyoutia wekundu. Boti zinazotoka Kissamos hushusha pale mamia ya watu kwa mkupuo, wote karibu wakati mmoja, na kuwachukua wote pamoja alasiri. Kwa saa hizo upweke wa Balos upo kwenye matangazo tu. Navagio, ufuo wa kisiwa cha Zakynthos wenye mabaki ya meli ya Panagiotis iliyokwama hapo 1980, haukuwa na njia nyingine ila boti, na boti zilikuja hadi ufuo ukawa kama stendi. Septemba 2018 kipande cha jabali kiliporomoka mchana, watu wakiwa chini yake, wakaumia kadhaa. Baada ya tetemeko la Septemba 2022 na maporomoko mengine, kukanyaga ufuo ule kulipigwa marufuku. Boti zilibaki kuutazama kwa mbali. Kama hoja ya watu wa miguu ni kwamba ugumu wa njia hulinda, Navagio ni onyo: ufuo usiofikiwa kwa miguu hata kidogo ndio uliojaa kupita zote, kwa sababu mlango wake wa bahari uliachwa wazi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tunabishana pembeni ya jambo. Adui wa ufuo uliojificha ni mlango usio na mlinzi, na mlango mpana kuliko yote ni barabara.

Rudi kidogo Sfakia. Ukivuka Glyka Nera na kuendelea magharibi unafika Loutro, kijiji cheupe kilichobanwa kati ya jabali na maji, kisichofikiwa na gari hata leo. Wasomaji wa Biblia wanapajua bila kujua: rasi hiyo ndiyo wengi wanaodhani ni Foinike, bandari ambayo mabaharia wa Paulo walitaka kuifikia wapitishe baridi, kabla upepo wa Eurakilo haujawachukua na kuwapitisha nyuma ya Kauda, kisiwa kinachoitwa leo Gavdos. Mbele zaidi kuna Agia Roumeli, mwisho wa korongo la Samaria. Watu huteremka korongo lile kilomita 16 kwa miguu, na wakifika chini hawana barabara. Wanaondoka kwa meli ndogo ya pwani inayokwenda Sougia upande mmoja au Loutro na Chora Sfakion upande wa pili.

Pwani hiyo yote inaendeshwa kwa mapatano ya miguu na boti. Anayetembea anategemea boti imtoe. Mwenye boti anategemea watembeaji wamjazie viti. Na kwa kuwa barabara haimo katika mapatano hayo, jioni inapofika jambo kubwa hutokea: chombo cha mwisho kinaondoka, na fuo zinabaki na wanaolala hapo tu. Msomaji aliyekaa Lamu mjini anaijua hali hii. Mahali pasipo gari huingia watu kwa hesabu ya vyombo, na kila chombo kina nahodha anayejulikana jina na anayejua amebeba wangapi. Barabara haina nahodha. Huleta gari moja, kisha mia, kisha kiwanja cha maegesho, kisha kioski, kisha mtu anayesema kwamba watu wameshazoea kuja, kwa nini pasijengwe.

Watetezi wa barabara nao wasipuuzwe. Mzee wa Loutro akipatwa na kiharusi usiku wa baridi, bahari ikiwa imechafuka, nani atamwambia kwamba ukosefu wa barabara ni uzuri? Hoja hiyo ni ya kweli na ni nzito kuliko starehe za wageni. Ila ni hoja ya kijiji. Ufuo mtupu kama Glyka Nera haumzuii mtu kufika hospitali. Tukizichanganya hizi mbili, ufuo utachimbiwa barabara kwa jina la mgonjwa asiyeishi hapo.

Serikali ya Ugiriki imejaribu kujibu, na ni haki kuisifu kwa kuanza. Kiangazi cha 2023 wakazi wa kisiwa cha Paros waliandamana na mataulo yao, wakidai nafasi ya kukaa kwenye fuo zao zilizofunikwa na viti vya kukodi. Mwaka uliofuata ikaja sheria mpya, na pamoja nayo orodha ya fuo 198 zilizoitwa zisizokanyagwa, iliyoongezwa baadaye. Kwenye fuo hizo ni marufuku kuweka viti na miavuli ya biashara, kupiga muziki kwa vipaza sauti, wala kufanya hafla za watu zaidi ya 10.

Ni sheria nzuri yenye jicho moja. Inatazama mchanga: kiti kiko wapi, mwavuli umeachana na maji mita ngapi. Haitazami vya kutosha mlango. Ufuo unaweza usiwe na kiti hata kimoja, na bado boti tatu kubwa zikashusha watu 900 saa sita mchana wasimame juu yake. Cha kushangaza ni kwamba chombo cha kupimia tayari kipo. Kila boti ya abiria Ugiriki ina idadi iliyoruhusiwa kubeba, na ofisi ya bandari inajua chombo gani kimeruhusiwa kwenda wapi. Ofisi hizo huzuia vyombo kuondoka pindi meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaotawala Julai na Agosti kama kusi inavyoitawala miezi yake kwetu, unapozidi nguvu. Wanaoweza kusema leo hakuna safari kwa sababu ya upepo wangeweza pia kusema leo ghuba hii imetosha. Njia ya miguu haina mtu wa kuhesabu. Gati linaye.

Kwa hiyo nimeishia upande ambao sikuutarajia. Ninatetea boti, kwa sharti iwe ndogo, ya mwenyeji, inayofunga kwenye boya badala ya kutupa nanga kwenye nyasi, na yenye idadi. Ninaitetea kwa ajili ya yule bibi mwenye magoti, kwa ajili ya nyumba za Symi zinazosubiri fedha ya kiangazi, na kwa ajili ya mtu wa miguu mwenyewe, ambaye saa saba mchana wa Julai hana biashara kwenye jabali lile. Mwenye boti kubwa atalalamika kwamba namwondolea riziki. Anayo haki ya kulalamika, na pengine apewe miaka kadhaa ya kujipanga. Lakini Navagio imeshaonyesha ufuo unavyojaa boti zikiachwa bila idadi.

Na miguu? Miguu ina majira yake. Boti nyingi ndogo huanza kazi Mei na kupungua Oktoba, zikapandishwa juu kupakwa rangi. Ni miezi hiyohiyo ya kando ambayo njia inakuwa njema: Aprili milima ya Symi ina maua na hewa ya baharini, Oktoba maji bado yana joto la kiangazi na jua limeshalegea. Sili, ambao huzaa zaidi vuli, wanapata mapango yenye kelele pungufu boti zinapokwisha. Ningeyaacha majira yagawane yenyewe. Kiangazi ufuo ufikiwe kwa boti zilizohesabiwa, na watu washauriwe kabisa wasitembee kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nje ya kiangazi ufuo uachiwe wenye miguu, bila boti za utalii, na njia zitiwe alama za rangi kwenye mawe ili asipotee mtu pale panapogawanyika.

Utaratibu huu unamnyima kitu yule asiyeweza kutembea: hatauona ufuo Novemba. Unamnyima pia mtembeaji Agosti, mwezi ambao wengi hupata likizo. Nimejaribu kupata mpangilio usiomnyima mtu, na kila nilioupata ulikuwa na barabara ndani yake.

Ukienda, fika Pedi mapema kabla jua halijapanda juu ya ghuba, wakati wenye boti wanafungua turubai. Uliza bei, uliza saa ya chombo cha mwisho, na mwombe nahodha akuambie kama alasiri kuna upepo. Atatazama kaskazini kwanza, ndipo akujibu.